Msinyooshe Kichwa Kabla ya Kuuliza

Kwanza wekeni hiyo bisibisi chini. Nawajua nyinyi. Mmenunua kompyuta ya zamani kwenye mtandao, ile ambayo kibodi na mashine yenyewe ni kitu kimoja, mmeichomeka kwenye umeme, taa nyekundu imewaka, mmetia diski, imelia krr krr halafu ikanyamaza. Kabla chai haijapoa mmeshafungua skrubu zote na kuzichanganya kwenye kisahani kimoja. Kisha mnakuja kwangu Azaiba siku ya Ijumaa baada ya sala, mmekumbatia sanduku, mnasema, "Ami Suleiman, tumejaribu kila kitu." Sasa mkishajaribu kila kitu, mimi mmenibakishia nini?

Sisemi kwa hasira. Watu wa rika langu hunicheka kwa kukaa na vijana wa chuo kutoka Al Khoudh, tukihangaika na diski ambayo haiwezi kubeba hata picha moja ya simu. Waache wacheke. Nimefanya kazi hii tangu kompyuta za nyumbani zilipoanza kuingia Maskati, kwanza kwenye karakana ya Ruwi, baadaye serikalini, na mpaka leo nimestaafu sijamaliza kushangaa. Kipande cha plastiki chembamba, kimepakwa kitu chenye rangi ya kutu, kinazunguka, na mtu anaweka mawazo yake humo na kuyakuta kesho yake. Mnaona jambo dogo hilo? Mimi bado naliona kubwa, na nikiliona dogo nitaacha kuwapokea.

Aliyenifundisha ni Bwana Kurien, Mhindi wa Kerala, mtu mwembamba mwenye shati jeupe ambalo halikupata doa hata siku moja, na hili pekee lilitosha kunifanya nimheshimu. Mimi na yeye tulikuwa tukisemezana kwa Kiarabu cha dukani, kwa sababu Kiswahili changu hakukijua na Kimalayalamu chake mimi sikukithubutu. Siku yangu ya kwanza alinipa draivu ya flopi, kile chombo cha kusomea diski, iliyofunguliwa kifuniko akasema, "Shuuf. La tilmis." Tazama, usiguse. Akaenda zake. Nikatazama. Akarudi akaniuliza nimeona nini, nikamjibu nimeona draivu. Akaniambia niendelee kutazama.

Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa anachotaka. Mtu akikuletea draivu, usimwulize ina ugonjwa gani kabla hujaijua ni nani. Ipindueni. Mkiona kamba ya mpira inazunguka kutoka kwenye mota ndogo mpaka kwenye gurudumu, hiyo ni ya mkanda, na mkanda wa miaka ile hivi sasa ama umekatika ama umegeuka lami. Msiipake lami hiyo kila mahali kwa vidole. Ifuteni kwa spiriti mpaka gurudumu ling'ae, kisha pimeni njia yake kwa uzi mtafute mkanda wa kipimo hicho. Mkiona mota bapa imekaa katikati bila kamba yoyote, hiyo inajizungusha yenyewe, na matatizo yake ni mengine. Halafu tazameni mkono wa juu, ule unaoshuka juu ya diski. Kama una kichwa kinachong'aa, yaani kile kidude kinachosoma na kuandika, draivu inasoma pande mbili. Kama una kipande cha kitambaa laini, inasoma upande mmoja tu, na kazi ya kitambaa ni kuikandamiza diski kwenye kichwa cha chini. Kuna kijana mmoja, simtaji na leo yupo hapa anatazama chini, alikibandua kitambaa akidhani ni uchafu.

Na msichukue draivu ya kompyuta za juzijuzi mkaitia kwenye mashine ya zamani, mkategemea kwa kuwa waya unaingia basi wataelewana. Ndani kuna kijiunganishi kidogo kinachoiambia draivu kwamba jina lako ni wa kwanza au wa pili. Mashine inamwita wa kwanza, draivu ya kisasa inajua yeye ni wa pili, basi inakaa kimya kwa adabu. Mkisharekebisha jina, bado mashine itasubiri kuambiwa "niko tayari" kwenye waya ambao draivu mpya inautumia kusema jambo jingine kabisa. Nimeona watu wamezima na kuwasha mpaka wakakata tamaa, na hakuna kilichokufa. Ni wawili hawajajuana.

Sasa niwaambie kuhusu udi, maana hili hamtalipata kwenye video zenu. Vitabu vya kiwandani viliandika vumbi, joto, unyevu, moshi wa sigara. Havikuandika chetezo. Maskati kila nyumba inafukiza, na kompyuta ilipokuwa kitu cha fahari ilikaa sebuleni pamoja na mazulia na vikombe vizuri. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeifukiza kompyuta ya wanawe kila Ijumaa, akiweka chetezo chini ya meza ili moshi upande vizuri, kama anavyofukiza kanzu. Kila baada ya muda draivu inaacha kusoma. Tunafungua, kichwa kimevaa ngozi ya kahawia. Bwana Kurien alikuwa akiinua draivu puani kabla hajaigusa na bisibisi, na alikuwa akiweza kunambia kama nyumba inachoma ubani wa Dhofar au udi wa kununua. Nilidhani ananitania, nikamjaribu na draivu ambazo wenye nazo tuliwajua. Hakukosea. Yule bibi tulimwomba ahamishe chetezo, akakubali kwa shingo upande, akatwambia kama kitu kinakaa ndani ya nyumba yake lazima kinukie.

Kwa hiyo kichwa husafishwa kwa kijiti cha pamba na spiriti safi, taratibu, kwa kwenda upande mmoja, mpaka pamba itoke nyeupe. Mkono wa juu unauinua kidogo tu. Ukiuinua kama unafungua buti ya gari, umeupinda, na hapo unatafuta draivu nyingine.

Kuna jambo moja la Bwana Kurien ambalo kila nikilikumbuka nasema subhanallah. Baadhi ya draivu zina michirizi myeusi na myeupe imechorwa kwenye gurudumu la chini. Mimi nilidhani ni pambo. Yeye akawasha taa ya tyubu, ile ndefu iliyokuwa ikilia mmm kwenye dari, akaiweka draivu chini yake, akaizungusha. Gurudumu linakwenda mbio, na michirizi imesimama tuli. Akaniambia kwa Kiarabu chake kwamba taa ile inazimika na kuwaka haraka kuliko macho kuona, kwa mwendo wa umeme wenyewe, na michirizi imepimwa kwa mwendo huo. Ikisimama, kasi ni sawa. Ikirudi nyuma, draivu inachelewa. Ikienda mbele, inakimbia mno. Nilisimama pale nikiitazama michirizi iliyosimama juu ya kitu kinachokimbia, nikasahau kwamba nimeajiriwa. Ndiyo maana chumbani kwangu kuna tyubu moja ya zamani ambayo mke wangu anaichukia. Taa za kisasa hazina mpigo ule, hazipimi kitu.

Haya yote nimewaambia mjue kutengeneza. Sasa niwaambie siku niliyotakiwa kuharibu.

Si zamani. Ilikuwa asubuhi, na mlangoni walisimama Bi Zuhura wa Ghubra na binti yake Thuraya. Bi Zuhura namjua kwa mbali, watu wetu wa Unguja hapa Maskati wote tunajuana kwa mazishi na harusi, lakini hakupata kuja kwangu. Ni mtu mzima sana sasa, anatembea kwa kushika mkono wa bintiye. Thuraya mwenyewe ana wajukuu. Alibeba kompyuta imefungwa ndani ya shuka safi, na mama mtu alibeba diski moja mkobani, ndani ya kitambaa.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazima nyumbani?"

Tukamaliza kuulizana, kahawa ikaja na halwa, hakuigusa. Thuraya akaanza yeye. "Ami, hii ilikuwa ya ndugu yangu Nadhir, Allah yarhamu. Tumeshaipeleka kwa watu. Mmoja kaitia mkanda mpya, mwengine kaisafisha. Wote wanasema draivu nzima, inasoma vizuri, ila diski ndo imekufa. Khalas. Mie nshamwambia mama tuache, hataki."

Bi Zuhura akaiweka diski mapajani. Juu ya karatasi yake palikuwa na neno moja kwa wino wa kalamu nene: MAMA.

Nadhir alifariki kwa ajali ya gari njia ya Sur akiwa bado skuli. Siku chache kabla alimwambia binamu yake kwamba kuna kitu amekitengeneza kwenye kompyuta, cha mama yake, na hajamwonesha bado. Hayo ndiyo yote waliyoyajua. Kitu gani, hakuna aliyejua.

"Nguo zake nlizitoa sadaka zote," akasema Bi Zuhura. "Vitabu nlitoa. Nlipofika kwenye hii mashine, nkasema ntaipa mayatima. Lakini ilikuwa na tabu, diski za dukani nyingi ilikuwa haisomi, mwenyewe Nadhir akilalamika. Sasa sadaka hutoi kitu kibovu, Suleiman. Unatoa kizima. Nkaipeleka Ruwi kwanza itengenezwe. Ikarudi safi, kila diski inasoma. Nkamwambia Thuraya, kabla hatujaitoa itie hii yangu, nione mwanangu kanifanyia nini. Ikakataa. Tangu siku hiyo inakataa. Basi nkaghairi, sikuitoa."

Nikamwomba arudie. Akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nimesikia vizuri sana.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kazi yote. Diski ina njia za duara zisizoonekana, moja ndani ya nyingine, na kichwa kinakwenda kukaa juu ya kila njia. Kiwandani wamekubaliana njia zipite wapi. Draivu iliyosogea, hata kwa unene wa unywele, huandika njia zake pembeni kidogo. Yenyewe haijui. Inajiandikia na kujisomea miaka nenda miaka rudi bila taabu, ila diski za watu wengine ndizo zinaipa shida. Ukiinyoosha, inaanza kusoma diski za dunia nzima isipokuwa zile ilizoziandika yenyewe. Kwa hiyo mama yule, kwa kutaka sadaka yake iwe kamili, aliipeleka mashine ikatengenezwa vizuri kabisa, na kule kutengenezwa ndiko kulikomfungia mlango.

"Nambie kweli," akasema. "Imekufa?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia inawezekana haikufa, inawezekana inasema na sisi tumesimama pembeni yake. Akanitazama, akaiinua diski mapajani akanipa.

Nikaifungua draivu. Harufu ya udi ikatoka, dhaifu, ya nyumba yao. Nikapindua nikatafuta skrubu zinazoshika mota inayosogeza kichwa. Sisi mafundi wa zamani wa Ruwi, tukishanyoosha kichwa, tulikuwa tukidondosha rangi ya kucha juu ya skrubu zisilegee, na ajaye ajue pamefanyiwa kazi. Zilikuwa na rangi nyekundu. Si kazi yetu, maana mke wa Bwana Kurien alikuwa akipaka pinki, na sisi tulitumia chupa zake. Lakini fundi yule, popote alipo, alikuwa na mkono mzuri. Nilitia diski ya kipimo, ile ya kupimia unyofu, nikakuta amekiweka kichwa mahali pake hasa. Nisingeweza kuongeza wala kupunguza. Alipewa mashine inayolalamika, akairudisha haina lalamiko. Nani angemwambia kwamba ndani ya ule upotofu kuna mtoto amemwandikia mama yake?

Nikaondoa rangi kwa asetoni, nikalegeza skrubu moja nusu, nikashika kioo cha kukuzia. Chini ya kichwa cha skrubu, kwenye bati, palikuwa na alama ya kung'ata, nyembamba, mwezi mchanga, pembeni ya mahali skrubu inapokaa sasa. Skrubu ilipata kubanwa pale. Nikamwuliza Thuraya kama kompyuta ilipata kuanguka. Akafikiri, akacheka peke yake.

"Ilianguka Idi," akasema. "Watoto walivuta waya. Nadhir akaibana mwenyewe kwa kisu cha jikoni, mama asijue."

"Nlijua," akasema Bi Zuhura.

Nilikaa nikiutazama mwezi ule mchanga kwenye bati. Vijana, nimeona mengi kwenye kazi hii, lakini pale niliona mkono wa mtoto aliyekwisha kufa, umebana skrubu mahali pasipo pake, na mahali hapo pamebaki. Nilihisi woga. Si woga wa kukosea tu, ni ule unaokupata ukiingia chumba cha mtu bila ruhusa.

Hofu ya kazi nayo ilikuwepo. Nilisogeza kile kilango cha bati cha diski, nikaizungusha kwa nyuma kwa kidole nikitazama ngozi yake kwenye mwanga. Fanyeni hivi kila mara kabla ya kuitia diski ya zamani popote. Kulikuwa na ukungu mdogo ukingoni, huo nikausafisha kwa spiriti. Lakini karibu na katikati palikuwa na mstari umekwaruzika, kazi ya wote waliojaribu na kujaribu tena. Kila ukitia diski iliyochoka, kichwa kinaweza kuichuna, na kilichochunwa hakirudi. Kutafuta njia iliyopotea kunataka kujaribu mara nyingi, na diski ile haikuwa na mara nyingi ndani yake.

Nikamwuliza Thuraya, "Nadhir aliandika diski nyengine? Yoyote. Michezo, masomo, hata upuuzi."

"Ipo moja ya michezo. Alinakili kwa rafiki zake. Ipo kabatini."

"Kaniletee."

Hili likamateni. Usitafute kwa diski inayoliliwa. Tafuta kwa diski nyingine iliyoandikwa na draivu ileile siku zile zile, isiyo na mwenyewe wa kuililia, na ikichunika ichunike. Thuraya akaenda Ghubra akarudi. Muda huo Bi Zuhura alikaa sebuleni na mke wangu wakizungumza habari za watu wa Malindi kule Unguja, nani kamwoa nani, na sauti zao zilinisaidia kutulia.

Nikaisukuma mota mpaka skrubu ikakaa juu ya mwezi wake mchanga, nikaibana nusu, nikatia diski ya michezo. Ikakataa. Nikasogeza kwa ncha ya bisibisi, si kusogeza hasa, ni kuifikiria isogee. Ikakataa. Ninyi mngeona mtu mzima ameinama juu ya meza, anashika pumzi, anagusa chuma na kukiacha, mngedhani napiga ramli. Nilipita mahali ikasoma majina ya michezo miwili halafu ikakwama. Nikarudi nyuma kidogo. Ikasoma yote. Majina yakapanda kwenye skrini moja baada ya jingine, na ile krr krr ikageuka sauti niliyoijua tangu ujana wangu, tik, tik, tik, kichwa kinapita njia kwa njia bila kurudi. Nikabana skrubu.

Draivu iliyokuja nzima sasa ilikuwa mbovu, na mimi ndiye niliyeiharibu, na sijapata kufanya kazi safi kama ile.

Nikawaita. Bi Zuhura akaketi kwenye kiti mbele ya skrini, Thuraya nyuma yake. Nikatia diski ya MAMA. Tik, tik. Pale penye mkwaruzo ikasita, ikarudi, ikarudi tena, nikasoma kila dua niliyoijua. Ikapita. Kwenye skrini likatokea jina la faili moja tu. Nikaamuru ipakie, ikapakia, na mashine ikasema iko tayari.

Hapo mtaona mzee wenu ana roho ngumu, maana sikumwonesha. Nilichomeka kinasa kaseti nikaihifadhi ile programu kwanza kwenye kanda, kisha nikaigeuza kanda nikahifadhi tena upande wa pili. Ilikuwa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, na umeme ukikatika imekwenda. Kwanza uhifadhi, ndiyo utazame. Bi Zuhura alingoja kanda ikilia mlio wake mbaya ule, mikono imekunjwa, hakuuliza nini kinachelewesha. Nadhani kwa aliyengoja kiasi chake, kanda mbili si kitu. Nilipomaliza sikutazama ndani ya programu. Haikuwa yangu.

Nikaianzisha. Skrini ya buluu ikafutika, sauti mbili zikalia, moja ya chini na moja ya juu, za kitoto, halafu maandishi meupe:

WEWE NANI?

Bi Zuhura akageuka kunitazama. Nikamwambia Nadhir anamwuliza yeye, ajibu. Akatafuta herufi kwa kidole kimoja. M. A. Ikamchukua muda kuiona M mara ya pili, ingawa iko palepale. Thuraya akanyoosha mkono kumsaidia, akauondosha mama mtu. Alipomaliza nikamwonesha cha kubonyeza.

CHAKULA TAYARI?

Thuraya akatoa sauti akaziba mdomo. Bi Zuhura hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyesumbuliwa katikati ya kazi zake, akakunja uso hivi, akaandika NDIO.

NAKUJA, ikasema mashine, ikapiga tena zile sauti mbili, na programu ikaisha.

"Kila siku hivyo hivyo," akasema Bi Zuhura. "Nakuja, nakuja, na wali unapoa." Akaifuta kibodi kwa ncha ya mtandio wake, ingawa haikuwa na kitu. Halafu akaniuliza, "Na nikimwambia bado?"

Nikamwambia sijui amemjibu nini, ila tunaweza kumwuliza. Nikaianzisha upya. Akaandika jina lake, mara hii haraka zaidi. Ilipomwuliza chakula, akaandika BADO, akabonyeza mwenyewe.

Skrini ikakaa tupu kidogo, alivyoitaka Nadhir ikae. Kisha ikaandika:

HAYA MAMA. NANGOJA.

Bi Zuhura alilisoma kwa sauti, polepole, kisha akalisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akaweka kiganja chake juu ya kioo cha skrini, juu ya lile neno.

"Ningoje," akamwambia. "Sikawii."